Mwongozo wa Mpenzi wa Bia Aliyefika Diff

Umeshazunguka Nairobi. Umekaa Brew Bistro ya Ngong Road, ambako bia hupikwa palepale ndani ya baa, ukajifunza kuitazama glasi kwenye mwanga, kunusa kabla ya kumeza, na kumwuliza mhudumu kimea kimetoka wapi. Sasa kazi, au harusi ya rafiki, imekufikisha Diff, Wajir Kusini, mji uliokaa mpakani kabisa mwa Kenya na Somalia. Begani una mkoba, na ndani ya mkoba mna daftari la kuonjea lenye kurasa tupu. Unataka kuonyeshwa kiwanda kidogo cha bia, kile cha fundi mmoja na pipa lake. Kaa kivulini kwanza, tupange safari.

Jambo la kwanza, usiulize bia. Diff ni mji wa Waislamu, na kumwendea mtu kibandani mwake asubuhi ukiulizia pombe ni kumvunjia heshima. Uliza susaa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, ambayo Wasomali huandika suusac. Toa salamu kamili, subiri ijibiwe kamili, uliza watu wa nyumbani wameamkaje, uliza mvua. Mwanamke mtu mzima mwite mama. Ukiwa umezoeana naye, mwite eedo, shangazi. Haraka yako haitakusaidia kitu, maana kinywaji unachokitafuta nacho hakina haraka.

Pengine utasema hukuja kutafuta maziwa. Hebu tukumbushane ulichokuwa ukikisema mwenyewe kule Nairobi. Ulisema umechoka na bia ya kiwanda kikubwa, chupa hii sawa na ile, mwaka huu sawa na mwaka juzi. Ulijua hata historia yake: ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922, George akauawa na tembo mwaka uliofuata, na kutokana na kifo hicho bia ikaitwa Tusker. Ukasema wewe sasa unataka kitu kinachotengenezwa kidogo kidogo, na mkono unaojulikana, kwa malighafi ya hapohapo, kitu kinachobadilika kwa msimu na kubeba ladha ya mahali kilipotoka. Sifa hizo zote, moja baada ya nyingine, utazikuta Diff. Kilevi tu ndicho hakimo. Kama mapenzi yako yalikuwa kwa ufundi, hujapoteza chochote.

Sasa tafuta malighafi. Mpenzi wa bia makini huenda mpaka shambani kwenye shayiri, basi nawe omba mwenyeji akupeleke kwenye kambi ya ngamia jioni, mifugo inaporudi. Usiende peke yako, na usiende bila kuuliza wenyeji na polisi hali ya njia siku hiyohiyo. Eneo hili la mpaka limeona mashambulizi, na watu wake hujua ni njia ipi ya kupita na ni saa ngapi za kuwa nyumbani. Ukifika, simama kando uangalie. Ndama huletwa kwanza kwa mama yake anyonye kidogo, maziwa yashuke. Kisha mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili akiuegemeza kwenye goti, na juu ya paja hilo lililoinuka akaweka chombo. Ngamia ana chuchu nne, na desturi ni kumwachia ndama mbili, watu wakakamua mbili. Tazama povu: ni jeupe, zito, limesimama juu ya ukingo wa chombo. Umewahi kulipa pesa nyingi kwa bia yenye povu la chini ya hapo.

Uliza ngamia walilisha wapi. Swali hili litakupandisha hadhi mbele ya wafugaji kuliko viatu vyako, kwa sababu wao hulijadili kila siku. Ngamia aliyekula mimea ya chumvichumvi hutoa maziwa yenye chumvi. Aliyepata majani mabichi baada ya mvua ya Gu, ile ya Aprili hadi Juni, hutoa maziwa mengi, mepesi, yenye utamu. Wakati wa Jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari, maziwa hupungua na ladha hubadilika. Wataalamu wa divai wa Ufaransa wamejaza vitabu kuhusu udongo na mzabibu. Mchunga ngamia wa Wajir Kusini anaonja mara moja na kukwambia kundi lilikuwa upande gani wa kisima.

Usiku huohuo au alfajiri, rudi kwa mama mwenye susaa. Hapa ndipo kiwanda kilipo, na hapa uwe na subira ya kutosha, maana kazi yenyewe inaanza kabla maziwa hayajaguswa. Chombo chake cha asili ni dhiil, mtungi uliofumwa kwa nyuzi za mimea, umekazwa hata hauvuji tone, una kifuniko chake na mikanda ya kubebea. Au ni kibuyu. Anakiosha, anakianika, kisha anachukua vijiti vya mti mgumu alioutaka yeye, na kila nyumba ina mti inaousifia, anavichoma mpaka vigeuke makaa mekundu, anavitia ndani ya chombo na kukifunika. Moshi unazunguka humo kwa muda. Anatikisa, anasikiliza, anakung'uta makaa nje, anafuta majivu, ananusa. Kama hakuridhika anarudia. Mkono wake ukitoka mdomoni mwa chombo una weusi mpaka kwenye kifundo.

Toa daftari sasa, una la kuandika. Katika mji wa Bamberg, Ujerumani, kuna bia ya moshi inayojulikana dunia nzima, Schlenkerla, ambayo kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa biichi. Watu hupanda ndege kwenda kuionja. Bamberg wanafukiza nafaka, Diff wanafukiza chombo. Moshi huo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unapunguza vijidudu vilivyobaki kwenye kuta za chombo, na unayapa maziwa harufu ambayo mlaji wa hapa akiikosa hujua mara moja kwamba kuna aliyefanya uvivu.

Maziwa yakishatiwa, hufunikwa na kuachwa siku moja au mbili, hapohapo kivulini. Joto la Diff linamaliza kazi. Hakuna chachu ya dukani. Mara nyingi huongezwa susaa kidogo iliyobaki ya jana, na wakati mwingine hata hiyo haimo, vijidudu vya chombo na vya hewa vinatosha. Wabelgiji wana bia ya namna hiyo, lambiki, inayopikwa bonde la mto Senne karibu na Brussels: maji ya kimea hupozwa usiku kucha katika sinia pana lililo wazi, na kila kiumbe kinachopita hewani kikaribishwa. Huko wanaiita fahari ya taifa. Hapa kwetu watafiti Lore, Mbugua na Wangoh waliichunguza susaa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005. Walikuta humo bakteria wa asidi ya laktiki, miongoni mwao Leuconostoc mesenteroides na Lactobacillus plantarum, na hamira za aina kadhaa. Yaani mama huyu anafuga ndani ya mtungi jamii nzima ya viumbe, na anaiongoza kwa pua, ulimi na kumbukumbu aliyoachiwa na mama yake. Mimi namwita fundi bila kusita.

Naona haya kwa niaba ya nchi kwamba hatumwiti hivyo. Kule Magharibi ya Kenya mama wa busaa huchachusha unga wa mahindi, huukaanga juu ya bati, kisha huutia kimea cha wimbi, kazi ya siku nyingi. Na kwa miaka na miaka polisi wamekuja na kuimwaga. Mama wa susaa hajamwagiwa, ila naye amesahauliwa. Maziwa ya ngamia yanapotajwa mezani kwa wakubwa, yanahesabiwa kwa lita. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2024 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jamii ya Ngamia, na sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3. Idadi ya wanawake wanaojua kufukiza dhiil sawasawa sijaiona imeandikwa popote.

Wakati wa kuonja, kaa chini. Usitarajie maziwa lala ya ng'ombe, yale yanayokatika kwa kijiko. Protini ya maziwa ya ngamia haishikani kwa nguvu, kwa kuwa aina moja ya kasini inayosaidia kugandisha, kapa-kasini, ni kidogo sana humo; kwa hiyo susaa hubaki ya kumiminika, laini, nyepesi kuliko unavyodhani. Nusa: moshi kwanza, kisha uchachu. Piga funda dogo. Uchachu utakushika pembeni mwa ulimi, chumvi itafuata, na moshi utabaki kooni baada ya vyote kupita. Funda la pili ndilo la kuamulia. Ukitaka cha kutafuna, omba nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogovidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Mafuta hayo na uchachu huo vinaelewana kuliko karanga na bia yoyote.

Jambo la afya nalisema wazi. Maziwa mabichi ya mnyama yeyote yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, na kuchachusha peke yake si dhamana. Mjamzito, mgonjwa, au mtu mwenye kinga dhaifu aombe chai ya maziwa ya ngamia yaliyochemka vizuri, yenye iliki na sukari nyingi. Hakuna atakayemcheka. Anayetaka susaa aulize kama maziwa yalichemshwa kwanza. Wapo wanaofanya hivyo, na swali likiulizwa kwa adabu hujibiwa kwa adabu.

Usipunguze bei. Ulilipa bila kuuliza pale Nairobi kwa sababu kulikuwa na ubao wenye maandishi ya chaki na taa ya manjano. Hapa kumbuka ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo iliyoshindwa, ambapo hata ngamia, mnyama anayekaa wiki nzima na zaidi bila maji, walikufa. Aliyebaki na ngamia wa kukamua baada ya hapo anauza kitu alichokilinda kwa jasho. Kama maziwa ni machache siku hiyo na wewe ukaambiwa hakuna, hakuna. Watoto wa nyumba wanatangulia.

Kitakachokusikitisha, na ni haki kikusikitishe, ni mitungi ya plastiki ya manjano, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia. Imechukua nafasi ya dhiil kwa sababu ni rahisi, ni nyepesi, na hubebeka kwenye bodaboda na basi. Lakini plastiki haivumilii makaa, na mdomo wake mwembamba hauingizi mkono wa kusugua. Ukikuta bado kuna mwenye dhiil, nunua kutoka humo, na mwambie ni kwa sababu ya chombo. Ukiweza kununua dhiil mpya kwa mfumaji, nunua, uitumie. Usiende kuitundika ukutani sebuleni.

Ukisharudi Nairobi kiu itakufuata. Nenda Eastleigh. Maziwa ya ngamia hufika huko kwa basi kutoka Isiolo, ambako wanawake wa ushirika wa Anolei wamejenga biashara kubwa kwa mikono yao: wanapokea maziwa ya wafugaji, wanapima, wanapoza, wanasafirisha. Mabasi hayohayo hurudisha mitungi mitupu, kila mmoja ukiwa na alama ya mwenyewe. Ukinunua kwa mtungi, usiufanye wa kuhifadhia mafuta ya taa. Uoshe kwa maji ya moto, uukaushe mdomo ukiwa chini, na umpelekee muuzaji kabla basi halijaondoka.