Diski Iliyolala na Nguru

Ilikuwa Februari, kaskazi imekwisha nguvu na Mombasa nzima inaiva kama mkate wa sinia uliopaliwa makaa juu na chini, nami nikiandika kwa kompyuta ambayo mke wangu, kwa kuichelea vumbi, alikuwa ameivika kitambaa cha kufuma chenye mawaridi, sawasawa na alivyoivika redio na televisheni. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda amani nyumbani, matundu yake ya kupumulia yaliyozibwa na mawaridi hayo sikuyatia maanani.

Faili lililokuwa likifunguka kabla sijamaliza bismillahi likaanza kuningojesha hata kahawa ikapoa, na tumboni mwa kompyuta ikasikika ka, ka, ka, mithili ya mjusi kafiri ukutani. Nikamwita fundi, kijana wa mtaani, ambaye alipotazama kipimo alijishika kichwa.

“Mzee, diski yasoma digrii 63, na nyingi mwisho wake ni 60! Mmeivalisha buibui na joto lote hili?”

Akanifahamisha kwamba ndani yake mna sahani zizungukazo mara 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea kwa nafasi ya nanomita chache tu. Vyuma vikipata hari hutanuka, kichwa kikaikosa njia, kikarudi kusoma tena na tena, huku mafuta ya mhimili yakizidi kuwa mepesi. Akaniusia niizime hata arudi.

Laiti ningalitii. Jirani yangu, ambaye hakosi dawa ya kitu, alinishauri kwamba joto tiba yake baridi, basi nikaing'oa diski nikailaza ndani ya friji baina ya kipande cha nguru na jagi la ukwaju. Alfajiri nilipoitoa, kwa unyevu wa hewa yetu, ilitoka jasho kama bwana arusi. Nikaipangusa kwa ncha ya kikoi, nikairudisha mahali pake, nikawasha. Mjusi kafiri alilia mara mbili, kisha kimya.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000 na kutoa habari zake mwaka 2007, waliona joto la wastani limesingiziwa mno, ila kwa diski kongwe na kwa hari iliyopindukia, na kwamba zilizokaa baridini ndizo zilizokufa zaidi. Yangu ilikuwa kongwe, ikaonjeshwa yote mawili katika juma moja.

Humo ndimo nilimokuwa nimeandika madeni yote ninayowadai watu wa mtaa; na habari ya msiba ilipoenea, wadeni wangu walikuja kunipa pole kwa huruma nisiyoizoea, mmoja wao akaniletea na halua.