Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ziara za Kimasomo

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, shule ya msingi ambayo jina lake limesitiriwa, Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA ZIARA YA DARASA LA AWALI NA LA KWANZA

Kamati inastahili pongezi za dhati kwa kuthibitisha kwamba ziara ya kimasomo, yaani safari inayowatoa wanafunzi darasani ili wajifunze kwa kuona na kugusa, inaweza kukamilika kwa ufanisi mkubwa bila mwanafunzi kuona wala kugusa chochote. Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 na ambayo kwa bahati mbaya yamejaa vitu vya kuvuta macho, watoto walipitishwa kwa mwendo wa gwaride, mikono nyuma, mbele ya habari za Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Aliyengoja takriban miaka milioni 1.75 hakika hakutarajia kutazamwa zaidi ya nusu dakika.

Busara ya Kamati ilidhihirika zaidi pale mtoto alipouliza aliko dinosaria wa Tendaguru, anayejulikana zaidi kama mjusi mkubwa, akajibiwa kwa agizo la kunyoosha mstari. Jibu la kweli lingechelewesha keki walizoandaliwa watoto: mifupa hiyo ilichimbuliwa Lindi na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, wachimbaji wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, na leo mjusi mmojawapo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin, ambako watoto wa huko humtazama hadi wakinai. Mtoto wa miaka sita akishaambiwa hayo huuliza swali la pili, na hilo limewashinda hata wakubwa.

Katika Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, Kamati ilibuni usomaji wa kutazama migongo ya vitabu. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada, huziweka ngano katika 398.2, lakini ni nani angethubutu kumkabidhi mtoto kitabu cha sungura na fisi, ilhali kitabu kilichofunguliwa huweza kuchanika na kilichochanika hudaiwa fidia? Muda uliookolewa ulitumika nje, ambako bango lilinyooshwa na kunyooshwa tena hadi jina la shule likasomeka vizuri pichani. Na kwa kweli hilo ndilo andiko pekee lililosomwa siku hiyo.

Kamati inashauriwa mwakani isiwashushe watoto garini kabisa, kwani picha zaweza kupigwa dirishani, keki zikagawiwa vitini na kiingilio kikaokolewa. Mchango wa wazazi, hata hivyo, usipunguzwe, kwa sababu fulana zenye nembo zimepanda bei, na mtoto asiye na fulana huharibu picha.

Nakala: Mpiga picha.