Muulize Papa Nati: Betri Imevimba, Mama Amenuna

Barua za mwezi huu zimefika zikiwa na alama za grisi, na moja imeungua pembeni. Nadhani mnajua kosa ni la nani. Tangu BBC ianze kuonyesha Robot Wars mwaka 1998, na Wamarekani wafuate na BattleBots mwaka 2000, watu wazima wenye familia wamekuwa wakipiganisha mashine mbele ya kamera. Sasa kila kijana mwenye simu kati ya Butembo na Mbau anaona zamu yake imefika. Haya, tusome.

*Papa Nati, habari ya kazi. Nina roboti ya kilo moja na nusu, mota nimezitoa kwenye drili ya betri. Pambano ni Jumamosi. Wenzangu wanasema panga langu la kulala limepitwa na wakati, niweke ngoma yenye meno inayozunguka. Leo ni Alhamisi. – Fundi wa Katwa, Butembo*

Mwanangu, hao wenzako wanapigana Jumamosi hiyohiyo? Nauliza tu.

Ngoma ni silaha nzuri, tena hurusha adui juu. Lakini chuma kizito kikizunguka wima kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Ukikata kona ghafla, gurudumu la upande mmoja linaacha ardhi na roboti inayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya kasiksi saa nne asubuhi. Si uchawi, na jirani hahusiki. Dawa yake ni kutanua nafasi kati ya magurudumu, kupunguza kasi ya ngoma, na dereva kujifunza upya kukata kona. Hayo matatu hayafanyiki kwa siku mbili.

Acha panga lako. Roboti nyingi hazishindwi kwa udhaifu wa silaha, hushindwa kwa sababu waya umechomoka, na isiyosogea inahesabiwa hadi kumi kisha kwaheri. Kwa hiyo leo usiku vuta kila waya kwa vidole. Unaolegea, uchomelee tena kwa risasi, kisha uufunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mtikisiko usiishie kwenye kiungo. Kila bolti ndogo ipake rangi ya kucha kwenye nyuzi kabla ya kukaza, maana ikikauka inazuia nati isifunguke yenyewe. Kesho iendeshe dakika tatu mfululizo, ndiyo muda wa pambano, halafu shika mota. Ukiondoa mkono kwa kelele, kuna kitu kinakwaruza: tazama gia.

*Papa Nati, mimi ni mama wa mpiganaji, hapa Mbau. Rangi yangu ya kucha imekwisha na sijaipaka hata kidole kimoja. Pia kijana anapimia roboti kwenye mizani ya kakao. Anasema imepungua gramu mia tatu bila kuondoa kitu. – Mama Mwenye Subira*

Mama, kuhusu rangi naomba tuendelee na swali la pili.

Mizani ya kakao ina mazoea yake. Miaka yote kazi yake imekuwa kupunguza kilo za mkulima mbele ya mnunuzi, leo utaifundishaje kusema ukweli kwa ajili ya roboti? Mtume kijana Butembo kwa wanunuzi wa dhahabu. Wale nao wana mambo yao, ila vyombo vyao vinaona hata sehemu ya gramu. Akikuta imezidi, atoboe matundu kwenye bamba la juu, asiguse la mbele linalopokea kipigo.

*Papa, nimekata panga kutoka kwenye springi ya Land Cruiser, nikalichomelea kwenye ekseli. Limevunjika pigo la kwanza, palepale penye weldi. – Aliyechoka, Beni*

Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichomelea na kukiacha kipoe haraka, pembeni mwa weldi panakuwa pagumu lakini pakavu, panakatika. Kata lingine, ulifunge kwa bolti. Wahunzi wetu wanaofua mapanga kutokana na springi wangekuambia hivyo bure.

*Betri ya lithiamu imevimba kidogo. Inafaa bado?*

Hapana. Itoe nje ya nyumba sasa hivi, uiweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, ndipo umalizie kusoma gazeti.

*Papa Nati, mdogo wangu ametoa beringi za chukudu yangu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, akazitia kwenye roboti yake. Nina mzigo wa viazi kesho. – Mwenye Chukudu*

Goma walimjengea mwendesha chukudu sanamu. Hakuna aliyejengewa kwa kupiganisha roboti. Zirudishe beringi zako, na mdogo wako asukume mzigo.

*Papa Nati, tunatoka Mbau kwenda kupigana Beni mjini. Roboti yetu inaitwa Kombora, tumeipaka rangi za kijeshi, ina antena. Tupite vipi kwenye bariyeri? – Vijana Watatu*

Hapa naacha mzaha. Mwaka 2021 mabomu ya kutengenezwa kwa mikono yalilipuka Beni, mwezi Juni kanisani na siku ya Noeli kwenye baa. Askari wa bariyeri akiona betri, nyaya na antena ndani ya begi, hafikirii michezo, na ana haki. Roboti anazozijua ni zile za Thérèse Izay Kirongozi, zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013: ndefu, za alumini, zinakula jua, wala hazina panga.

Basi, futeni hizo rangi. Badilisheni jina, iitwe Chantal. Betri ichomolewe, rimoti izimwe, panga lifunguliwe. Ombeni barua kwa shefu wa mtaa yenye majina yenu na picha ya mashine. Safirini mchana, na mkifika semeni wenyewe mnabeba nini kabla begi halijafunguliwa. Askari akikataa, rudini nyumbani mkapiganie uani, watazamaji Mbau hawakosekani.

Barua za wanaotaka kurusha droni karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi hazitajibiwa.