Maji Yenye Njaa ya Chokaa

Katika baadhi ya nyumba za wageni za mwambao wa Tanzania, bwawa la kuogelea halivikwi vigae bali hupigwa lipu, yaani tabaka la mwisho la saruji nyeupe iliyochanganywa na unga wa marumaru, ambalo unene wake, unaokaribia milimita 10 tu, ndio unaokinga ngozi ya mgeni na ukali wa zege. Lipu hiyo ikichakaa hukwaruza nyayo, hushika mwani usiobanduka kwa brashi, na hutoboa makalio ya nguo za watoto wanaopenda kujiburura ngazini. Naye mwenye bwawa, kabla hajakubali kuwa ana tatizo, huwaeleza wageni kuwa hiyo ni huduma ya kusugua magaga, isiyo na malipo ya ziada.

Lawama ya kwanza humwangukia fundi, ambaye aghalabu amekwisha kubadili namba ya simu, ingawa mara nyingi mla lipu ni maji yenyewe. Saruji inapoganda huzaa chokaa yenye kalsiamu, inayoyeyuka majini, na maji yaliyopungukiwa na kalsiamu huichota ukutani mpaka yatosheke, kama mgeni asiyekaribishwa chakula anavyojipakulia jikoni. Kiasi cha kalsiamu majini, kinachoitwa ugumu wa kalsiamu, hutakiwa kuwa kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita, kikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Mvua ya masika, ambayo mwenye bwawa huishangilia kwa kuwa imemwepusha na gharama ya boza, karibu haina kalsiamu kabisa. Kisha kuna pH, yaani kipimo cha uasidi, ambacho kadiri namba yake inavyoshuka ndivyo maji yanavyoila lipu, na ambayo bwawani hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8, ilhali myeyuko wa vidonge vya klorini vya aina ya triklori una pH inayokaribia 3. Vidonge hivyo huwekwa katika kifaa kinachoelea, lakini mtunza bustani aliyekabidhiwa bwawa pamoja na maua, geti na mbwa huvirusha sakafuni, na kila kimoja huacha doa lake la duara.

Tiba inayopendwa ni kuosha kwa asidi, ambayo hung'arisha uso kwa sababu nyepesi kwamba imekwisha kuula: bwawa hupendeza kwa muda, vinyweleo vya lipu hupanuka, mwani hupata makazi bora zaidi, na asidi huagizwa tena. Isitoshe, kuosha huko hudai bwawa litolewe maji, na pale ambapo maji ya ardhini yako juu, hasa baada ya mvua, shinikizo lake huweza kulinyanyua ganda tupu la zege, hata mtu aliyeishi miaka yote akihofia wageni kuzama akagundua kwamba bwawa lake linaelea.

Hatimaye lipu chakavu hutinduliwa na mpya hupigwa, nayo hudai bwawa lijazwe mfululizo bila kusita, kwa kuwa maji yakisimama njiani huchora mstari kuzunguka kuta, usiofutika kirahisi. Sharti hilo halijui mgao wa maji wala boza lililokwama kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam. Ndiyo maana katika bwawa lenye lipu mpya hupatikana mstari ulionyooka vizuri, ambao mwenyeji, akiulizwa, hujibu bila kupepesa macho kuwa ni alama ya kina cha watoto.