Thelathini Walitawala, Ikaitwa Anaki

Tch! Jamani, hili neno tunalionea. Mtu akisikia "anaki" redioni, picha inayomjia ni matairi yanayowaka na maduka yaliyofungwa. Wenyewe Wagiriki walilitunga kwa kuunga "an", yaani bila, na "arkhos", mkuu mwenye madaraka. Bila mkuu, basi. Na kisa chake mkikisikia mtashika vichwa.

Kule Athens mwaka ulipewa jina la arkoni, yaani mkuu wa mji kwa mwaka huo. Ikafika 404 KK, mji umeshindwa vita na Sparta, kuta zinabomolewa huku zumari zinapulizwa. Lysander, jemadari wa Sparta, akasimamia watu thelathini wakapewa mji. Thelathini! Baadaye wakaletewa pia askari wa Sparta wa kuwalinda. Inasemwa waliua watu 1,500 kwa miezi michache tu.

Mmoja wa waliouawa alikuwa Polemarchus, mgeni mkazi, aliyekuwa na karakana ya ngao pamoja na nduguye Lysias. Alikamatwa njiani, akaamriwa anywe sumu, na kosa lake hakuambiwa. Lysias alichoropoka, ndiye aliyekuja kuyasema haya mahakamani. Anasema mke wa marehemu alichomolewa hereni za dhahabu masikioni, mlemle ndani ya nyumba yake. Familia ilikuwa na nyumba tatu, wakakatazwa kutoa maiti katika hata moja. Wakakodi kibanda. Mashuka yao yalikuwa tele, wakaomba moja la kumfunika ndugu yao, wakanyimwa. Rafiki mmoja akaleta shuka, mwingine mto. Mnh! Mtu mwenye nyumba tatu, ndugu zangu, anazikwa kwa vya kuazima.

Mwaka uliofuata Thrasybulus na wenzake waliokuwa uhamishoni wakaurudisha mji mikononi mwa raia. Sasa ule mwaka wa mauaji uitweje? Arkoni alikuwepo, Pythodorus. Waathens wakakataa kulitaja jina lake, kwa kuwa aliwekwa chini ya wale Thelathini. Wakauita mwaka wa anaki.

Mnalipata hilo? Watawala walijaa, tena wana gereza, silaha na sumu. Wananchi wakasema hatukuwa na mkuu, kwa sababu hakuna waliyemkubali kuwa mkuu wao. Mimi naona walisema kweli tupu, na inaniuma kwamba siku hizi neno hilo anabandikwa kijana mwenye bango, anayeua watu gizani hapewi.

Mwaka 1840 Mfaransa Proudhon, mtu wa kiwanda cha chapa, alijitangaza kwa fahari kuwa yeye ni mfuasi wa anaki. Simfuati mpaka huko. Mtaa unataka mtu wa kuamua kesi ya mpaka wa kiwanja. Ila akija mtu hapa kijiweni kutuambia dawa ya anaki ni mkono wa chuma, aanze kwa kutueleza habari za zile hereni.