Miadi ya Bingwa

Mtoto aliyezaliwa kwa taabu Swima, mkoani Kivu Kusini, akachelewa kulia kwa kukosa pumzi, huandikiwa miadi kwa daktari bingwa, ili shingo yake itazamwe kama yaweza kukihimili kichwa. Na kwa kuwa mabingwa wa fani hiyo hupendelea hewa ya Bukavu, mama, ambaye mshono wake haujapona, humkumbatia kifuani, akasafiri kwa Barabara ya Taifa namba 5, dimbwi baada ya dimbwi, hadi Uvira, kisha akakwea magenge ya Ngomo kuelekea Bukavu.

Nauliza kwa adabu: shingo iliyosalimika Ngomo imebakiwa na mtihani gani? Bingwa hutazama dakika tano, akaamuru arejeshwe baada ya mwezi. Barabara, ambayo maradhi yake ni ya kale zaidi, haikuandikiwa miadi.