Jinsi ya Kumwibia Mtu wa Moshi Akili Yake, na Akulipe Juu

Usije usiku, na usije na panga. Mtu wa Machame au Kibosho amekilinda kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kwa vizazi. Mbwa yupo, majirani wapo, na yowe likipigwa kijiji kizima kinatoka. Njoo mchana, salimia, fungua duka. Unachokitafuta hakimo zizini wala kabatini. Ni uwezo wa mtu kukaa na jambo moja mpaka liishe: kusoma ukurasa hadi chini, kumsikiliza bibi hadi mwisho wa hadithi, kuiwaza ada ya mtoto bila kuikimbia. Mwongozo huu una sura ya somo la mwizi, lakini nimewaandikia wanaoibiwa. Hakuna hatua humu niliyoitunga. Zote zinafanya kazi sasa hivi, kuanzia Stendi Kuu hadi juu mlimani.

Anza na simu ya kupangusa. Kitochi hakikufai: kinapiga, kinapokea, kinatuma pesa, kisha kinarudi mfukoni. Wewe unahitaji kioo kisicho na mwisho. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na chini yake. Ukifika hapo unabonyeza ili upate mwingine, na katika kubonyeza huko mtu alipata upenyo wa kujiuliza kama bado anataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alitengeneza ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyousukuma. Baadaye alijutia hadharani, na namheshimu kwa hilo, lakini ukurasa wake umebaki. Kijana wa Pasua anashika simu saa tatu usiku kuangalia matokeo ya mpira. Saa saba bado yumo, anamtazama mtu asiyemjua akipika chakula asichokusudia kukila.

Kisha mpe zawadi, ila usimpe kila mara. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha hudonoa bila kuchoka, na punje zikikoma huchelewa sana kukata tamaa. Angalia kijiwe chochote cha bodaboda mjini siku ya mechi. Mkeka wa kubeti una timu kumi, tisa zimeshinda, moja imetoa sare dakika za majeruhi. Kijana hajapata hata senti, lakini "amekaribia", na kukaribia huko kunamrudisha kwenye kioo kesho mapema kabla hajapata abiria wa kwanza.

Muuzie na bando lenye saa zake. Likibaki na MB mia tatu na muda wa saa moja, ni wachache watakaoliacha life. Atatafuta cha kutazama ili hela yake isipotee, na ukimuuliza kesho alitazama nini, hakumbuki.

Lakini hayo ni madogo. Hatua inayoniumiza kuliko zote ni hii: tumia upendo wake. Hapa Moshi utakuta kila kitu tayari, kwa sababu watu wa huku wameshikamana. Mtu mmoja yumo katika kundi la ukoo, la jumuiya, la vikoba, la wazazi wa darasa la tatu, la waliomaliza pamoja sekondari, la kamati za harusi mbili, na la msiba ambao marehemu alishazikwa lakini kundi halikufungwa. Simu inalia. Amina. Amina. Hongera sana. Ua. Mikono iliyokunjwa. Amina. Na katikati ya hizo, ujumbe mmoja wa kweli: mjomba amelazwa hospitali ya KCMC, anahitaji damu. Kwa ajili ya huo mmoja ataufungua kila mlio, mchana na usiku, hata akiwa benki, hata akiwa anaendesha gari kushuka kutoka Uru. Huwezi kumwambia atoke kwenye kundi. Akitoka, shangazi atauliza amekosewa nini. Na Novemba 2014 WhatsApp iliongeza tiki za bluu, kwa hiyo asipojibu anajulikana kuwa amesoma akanyamaza. Mtu mwema ndiye anayeibiwa zaidi, kwa kuwa anajali.

Huenda utaogopa kwamba akizima mlio umemkosa. Usiogope sana. Mwaka 2017 mtafiti Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na wenzake waliwapa watu takribani 800 majaribio ya kumbukumbu na ya kufikiri, simu zikiwa kimya. Wengine waliziweka mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine waliziacha chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, na wengi walidhani simu haikuwagusa kabisa. Wapo watafiti waliorudia jaribio hilo wasipate tofauti ileile, kwa hiyo si neno la mwisho. Mimi nimemwona mpwa wangu akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, simu imelazwa kifudifudi kando ya daftari, haijalia, na jicho linakwenda pale kila aya. Kujizuia nako ni kazi, na kazi hiyo inalipwa kwa nguvu ileile aliyotaka kuitumia kwenye hesabu.

Na umakini wenyewe unazidi kukatika. Mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amewapima watu wakiwa mbele ya kompyuta kwa miaka mingi. Mwaka 2004 walikaa na jambo moja kwenye kioo kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuruka kwenda jingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani umeshuka hadi sekunde 47. Jaribu kuwaza shida ya kweli kwa sekunde 47, uache, urudi, uache. Sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka, na wazo linalohitaji robo saa ya utulivu halizaliwi.

Sasa chagua wakati. Shule zetu nyingi za sekondari haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, hivyo miaka minne mtoto hapatikani kirahisi. Subiri Novemba. Akitoka chumba cha mtihani wa kidato cha nne, mzazi mwenye furaha atamnunulia simu yeye mwenyewe, na mbele yake kuna miezi ya kusubiri matokeo na chaguo la shule, bila kengele wala zamu. Hakuna mlango uliofunguliwa wazi hivyo. Nawasihi wazazi: zawadi ije na kazi, ije na saa za kulala, na simu ilale sebuleni.

Ukishampata mjini, panda naye milimani, kwa maana huko ndiko umakini una bei inayoonekana. Mfongo unaoleta maji shambani una zamu. Zamu ikikupita ukiwa umeinama kwenye video, maji yamekwenda kwa mwenzako na hayarudi mpaka mzunguko ujao. Kahawa nayo haivi kwa pamoja. Mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa, anachagua buni nyekundu na kuiacha ya kijani kwenye tawi hilohilo, na buni iliyochumwa inatakiwa kumenywa mapema. Mkono wenye simu unachuma yote kwa mpigo, na mbichi ikichanganyika na iliyoiva, ubora na bei vinashuka.

Na usidhani mlima mrefu ni kizuizi. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Kilimanjaro hadi kituo cha Horombo, mita 3,720, na aliyekuwa waziri wa habari, Nape Nnauye, akaizindua. Mimi naiunga mkono. Mgonjwa akizidiwa kule juu, mawasiliano ya haraka yanaokoa roho. Lakini mtandao unaoita msaada ndio uleule unaoleta Amina na mkeka. Mwongozaji wa wageni anafanya kazi yake kwa macho na masikio: nani ameanza kuyumba, nani anajibu kwa maneno yasiyopangika, nani ametapika akaficha. Dalili hizo za ugonjwa wa mwinuko ni rahisi kuzikosa gizani, kwa mtu aliyejifunika hadi puani. Natamani kila kampuni ya kupandisha wageni iweke kanuni kwamba usiku wa kwenda kileleni simu ya mwongozaji ni ya dharura tu, na natamani wageni nao waambiwe hivyo getini.

Hatua ya mwisho ni Desemba. Wenye vihamba wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, barabara inajaa, mbuzi wanachinjwa, pombe ya mbege inazungushwa. Kwa siku chache babu, watoto na wajukuu wako chini ya migomba ileile. Babu anajua mpaka wa kihamba unapita wapi, isale ipi ya mpakani ilipandwa na nani, mfongo ulichimbwa na ukoo gani, nani amezikwa wapi. Hayajaandikwa. Wewe mwizi huna haja ya kumnyamazisha mzee. Hakikisha tu kila mjukuu ana bando na picha za sikukuu za kupandisha, na babu ataanza, ataona vichwa vimeinama, ataomba chumvi na kubadilisha mada.

Hapa ndipo ninapotaka mwongozo huu ushindwe. Mwaka huu, mchana mmoja kabla watu hawajaanza kuondoka, ukoo uchague simu moja yenye betri nzuri, izimwe mtandao, iwekwe irekodi sauti. Nyingine zote zibaki ndani. Kisha mzee atembee mpakani, isale kwa isale, na wajukuu wamfuate mikono mitupu, wamuulize maswali mpaka atakapochoka yeye.